Mkurugenzi wa Kalerwe

Nabilah alikwenda Kyambogo kuchapisha barua moja tu ya mteja, akae dakika kumi arudi kazini. Alikaa saa tatu.

Ulikuwa mwaka 2006, ule mwaka ambao umeme wa Kampala ulikuja leo na kesho haupo, na kila aliyeishi kwa umeme alijifunza kuishi nusu nusu. Nabilah alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka ishirini na sita, stashahada ya ufundi aliyoipata hapo hapo Kyambogo, na alama ndogo ndogo za cheche kwenye mikono yote miwili. Alifanya kazi na baba yake, Mzee Siraje, katika karakana ya chuma nyuma ya soko la Kalerwe. Walitengeneza milango, madirisha na vitanda. Walikuwa Wanubi, wajukuu wa wale askari walioletwa kutoka Sudani enzi za wakoloni, na katika ukoo wao wanaume wengi waliendesha malori au walifungua maduka. Siraje alichagua chuma na moto, na binti yake akamfuata humo humo.

Intaneti kafe aliyoingia ilisimamiwa na Acan, rafiki yake tangu chuoni. Acan alikuwa binti wa sajenti, amezaliwa na kukulia katika nyumba za polisi za Nsambya, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko kambini, cha haraka na kisichozunguka.

"Wewe, usiondoke," Acan alimwambia, akivuta kiti kingine mbele ya kompyuta. Nje jenereta lilikuwa likinguruma. "Iko kitu nataka uone. Inaitwa Kontakta."

"Ya kutafuta wachumba?"

"Hapana. Humu watu wanatafuta kazi. Unaandika wewe nani, unauza nini, unataka kujuana na nani. Halafu unamwomba mtu akubali kujuana na wewe. Akikubali, unaona watu wake wote."

"Watu wake wananihusu nini?"

"Ndiyo utamu wenyewe," alisema Acan. "Mtu wake anaweza kuwa mteja wako. Wewe humjui, lakini kati yenu amekaa mtu mmoja tu."

Nabilah alicheka, lakini alivuta kiti mbele. Kurasa zilifunguka polepole, picha ikijichora mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini kama mtu anayefunua pazia. Kulikuwa na mwenye kiwanda cha nyuzi Mombasa. Kulikuwa na mwanamke wa Kigali aliyeuza majiko, na Mhindi wa Dar es Salaam aliyetafuta chuma chakavu. Watu wazima, wenye makoti na tai, wote wameketi kwenye kioo kimoja wakisubiri kusalimiwa. Nabilah alihisi moyo unamwenda mbio, kama mtu aliyesukuma mlango wa chumba akakuta ukumbi mzima.

Walifungua ukurasa wake. Acan ndiye aliyechapa, kwa Kiingereza cha mbwembwe. Kwenye cheo aliandika mkurugenzi mkuu.

"Mkurugenzi wa nini, Acan? Mimi nachomelea."

"Baba yako ni mzee, hapendi kompyuta. Nani mwingine atakuwa mkurugenzi?"

Kisha akaandika kwamba kampuni ni kiwanda cha kisasa chenye wafanyakazi ishirini na watano. Nabilah alisoma mstari ule mara mbili. Karakana yao ilikuwa na watu wanne, kumhesabu na yeye. Alifungua mdomo kumwambia aufute, lakini wakati ule ule kijisanduku kilitokea pembeni mwa kioo: mwanamke wa Kigali, ambaye Acan alishamtumia ombi, amekubali kujuana naye. Nabilah akasahau alichotaka kusema.

Tangu siku hiyo alirudi Kyambogo kila siku ambayo Kalerwe haikuwa na umeme. Watu wake wakawa saba, wakawa kumi na tisa, wakawa arobaini. Alijifunza kuandika salamu fupi yenye heshima. Alijifunza kwamba wako wanaokubali kila mtu kama wakusanyao stempu, na wako wasiojibu kabisa. Usiku alilala akiwaza majina ya miji. Mchana, akiwa amevaa kinga ya macho na cheche zikimrukia, alijikuta anatabasamu peke yake.

Baba yake aliona.

"Hao watu arobaini," aliuliza Mzee Siraje siku moja wakila mihogo, "wamenunua madirisha mangapi?"

"Bado, Baba."

"Mmoja?"

"Bado."

Mzee Siraje alitikisa kichwa akaendelea kula. Hakuwa mtu wa kugomba. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwa watu waliopita barabarani wakasimama na kugusa kitu kwa mkono, na hakuona mtu angenunuaje kitanda asichoweza kukigusa.

Ilikuwa wiki ya tano Nabilah alipoliona lile tangazo. Liliandikwa na mtu aitwaye Santo, mjenzi wa Juba. Vita vya Sudani vilikuwa vimesimama mwaka uliotangulia, na Juba ilikuwa ikijengwa upya kwa haraka hivi kwamba kila kitu kilihitajika huko, kuanzia misumari hadi mapazia. Tangazo lilikuwa mistari mitatu. Bweni la wasichana linamaliziwa. Vinatakiwa vitanda sitini vya chuma vya dabo deka, cha juu na cha chini, katika wiki saba. Asiyekuwa na mtu wa kumtambulisha asiandike.

Nabilah alisimama, akakaa tena.

"Acan, njoo. Njoo uone."

Acan aliinama juu ya bega lake, akasoma, kisha akashusha kidole kwenye mstari mdogo chini ya jina la Santo. Pale mtandao ulionyesha njia: kati ya Nabilah na Santo alikuwapo mtu mmoja. Jina lake Obonyo, wakala wa kupitisha mizigo mpakani Malaba, mwenye watu mia tatu na kumi na mmoja. Alikuwa amemkubali Nabilah katika juma la kwanza, na tangu hapo hawakuandikiana neno.

"Mwandikie sasa hivi," alisema Acan. "Kabla mwingine hajamwandikia."

Nabilah aliandika, akafuta, akaandika tena. Alimwomba Mzee Obonyo amtambulishe kwa Santo. Alitaja vitanda, alitaja unene wa mabomba na jinsi wanavyopaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Akatuma, kisha akabaki anakitazama kioo kana kwamba jibu lingetoka humo kabla hajanyanyuka. Halikutoka. Lilikuja kesho yake jioni, Acan akampigia simu kumsomea.

"Anasema hivi," Acan alisema, akivuta maneno. "Mkurugenzi, mimi simtambulishi mtu ambaye sijamwona. Jumanne nitakuwa Kampala. Nielekeze kiwandani."

Nabilah alihesabu siku kwa vidole. Jumanne ilikuwa siku ya kukosa umeme.

Jumatatu walifanya kazi mpaka wakaishiwa vijiti vya kuchomelea. Nabilah alitaka angalau kitanda kimoja kamili kiwepo, na baba yake, ingawa hakuamini habari yenyewe, hakumwacha afanye peke yake. Yeye alichomelea upande wa kichwani, binti akamalizia pande zilizobaki. Hakumweleza baba yake lolote kuhusu wale wafanyakazi ishirini na watano. Alijiambia atapata nafasi ya kueleza. Nafasi haikupatikana, au yeye hakuitafuta.

Mzee Obonyo alifika saa nne asubuhi. Alikuwa mtu mfupi mwenye mkoba wa ngozi, na miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Alisimama barabarani akatazama mabanda ya kabichi, akatazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake, akamuuliza mwenye nyanya kiwanda cha kisasa kiko wapi. Mwenye nyanya hakujua kiwanda chochote. Nabilah alisikia yote hayo akiwa nyuma ya kitanda, akajitokeza.

"Mzee Obonyo? Karibu. Mimi ndiye Nabilah."

Walisalimiana. Mgeni aliingia chini ya bati, akaona mashine moja ya kuchomelea iliyokaa kimya, akamwona Mzee Siraje na vijana wawili wakisugua mlango kwa msasa wa mkono. Alivaa miwani yake.

"Sasa, mkurugenzi," alisema kwa upole, "wale wafanyakazi ishirini na watano wako wapi?"

Mzee Siraje alinyanyua kichwa. "Ishirini na watano gani?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Nabilah, na lilikuwa zuri: leo hakuna umeme, tumewapa mapumziko. Kampala nzima ilikuwa imekaa bila kazi siku ile, nani angebisha. Aliwatazama wale vijana wawili na msasa wao. Akamtazama baba yake, ambaye bado alikuwa akisubiri kuelezwa.

"Hawapo," alisema. "Hawajawahi kuwepo. Tuko wanne, na wote unawaona. Tuliandika uongo, mzee. Mimi niliuona nikauacha."

Mzee Siraje aliweka msasa chini polepole.

"Umesema vizuri," alisema Obonyo, "lakini umenisumbua. Nitakwambia kwa nini." Aliketi juu ya debe la rangi lililogeuzwa. Akaeleza kwamba mwaka uliopita alimtambulisha Santo kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, mtu mwenye ofisi na kadi za kung'aa. Santo alinunua vitanda ishirini kwake. Mwezi wa pili viungo vilianza kuachia, na kitanda cha juu kikamwangukia mtoto, akavunjika mkono. "Jina nililompa Santo ni langu mimi. Yule bwana hapigiwi simu tena, napigiwa mimi. Kwa hiyo nikikuta mtu ameanza kwa uongo, hata uwe mdogo, mimi natafuta mkoba wangu."

Akasimama. Kweli aliushika mkoba.

Nabilah hakujua atakachosema mpaka alipokisema. "Basi kivunje."

"Nini?"

"Kitanda hicho. Kimemalizika jana, hata rangi hakina. Usiniamini mimi. Kivunje, ukiweza, kisha uende zako."

Obonyo alivua miwani, akakitazama kitanda. Akakishika nguzo, akakitikisa kwa nguvu zake zote, miwani ikimruka kifuani. Kitanda hakikulia. Akapanda ngazi yake ndogo akakaa juu, miguu ikining'inia. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo, lakini mmoja.

"Mtu mmoja si kitu," Nabilah alisema. Damu ilikuwa inamchemka sasa. Alitoka nje mpaka penye lori lililokuwa likishusha kabichi za Hajati mmoja wa sokoni, akawaita wachukuzi. "Njooni na magunia. Nataka muyaweke juu ya kitanda."

Walidhani anatania. Mmoja, mwenye kifua kama mlango, akamuuliza, "Mama, hii kitanda ikivunjika, kabichi ya Hajati nani atalipa?"

"Nitalipa mimi. Leteni."

Walikitoa kitanda nje, kwenye uwanja mdogo wa udongo mbele ya karakana. Gunia la kwanza likapanda juu, la pili, la tatu. Wauza ndizi waliacha ndizi zao. Watu wa bodaboda walizima pikipiki zao wakakaa kutazama. Magunia yalipokuwa sita juu na sita chini, hakuna nafasi iliyobaki, na kitanda kilikuwa kimesimama wima kama kilivyokuwa kabla.

"Ongeza watu," alisema Obonyo, ambaye alikuwa ameshakunja mikono ya shati lake.

Wachukuzi wanne wakapanda juu ya magunia. Wakapanda wengine wawili. Watu walianza kuhesabu kwa sauti. Mchukuzi wa saba alipokuwa anajivuta, mlio mkubwa ukasikika na kitanda chote kikainama upande mmoja. Mwanamke mmoja akafunika macho. Kabichi mbili zilibingirika mpaka miguuni mwa Obonyo.

Lakini kitanda hakikuanguka. Kilikuwa kimeinama, kikabaki hivyo hivyo kimeinama, na wachukuzi walioshikana mashati juu yake walianza kuulizana kuna nini. Obonyo alipiga magoti kwenye udongo na suruali yake safi. Mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umezama ardhini kiasi cha shubiri. Ardhi ndiyo iliyoshindwa.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabara ya Gayaza.

Walipoteremsha kila kitu, Obonyo alifanya jambo ambalo Nabilah hakulitarajia. Hakumpongeza. Alivaa miwani, akapitia kiungo kimoja baada ya kingine kwa ncha ya kidole, kama daktari anayetafuta mshipa. Alipofika upande wa kichwani alisimama.

"Hapa pana mwanya."

Mzee Siraje alikaribia, akainama, akapapasa. Watu walikuwa bado wamejaa pale, na Nabilah alitamani waondoke. Baba yake alinyooka.

"Hicho nilichomelea mimi," alisema. "Macho yangu si kama zamani. Vingine vyote ni vya huyu." Akamgusa Nabilah begani. "Vitanda vyako sitini, kama utavitaka, hatagusa kiungo mtu mwingine ila yeye. Mimi nitakata na kupima."

Nabilah alikuwa hajawahi kusikia baba yake akisema vile, hata wakiwa wawili tu nyumbani. Alijifanya anafuta udongo kwenye mguu wa kitanda.

Obonyo alivua miwani. "Binti, kompyuta iko wapi?"

Walipanda bodaboda mbili mpaka Kyambogo. Obonyo aliketi nyuma yao akinywa soda huku Nabilah akifungua ukurasa wake, na safari hii Acan aliambiwa aweke mikono mapajani. Nabilah aliandika mwenyewe. Karakana ya bati, Kalerwe. Mafundi wanne, mmoja ni baba yangu. Umeme siku moja, siku nyingine hakuna. Vitanda, milango, madirisha. Kwenye cheo alifuta mkurugenzi mkuu akaandika fundi wa kuchomelea.

"Cheo ungekiacha," alinung'unika Acan.

"Wewe nyamaza kwanza," alisema Obonyo. Alisogeza kiti, akaingia kwenye ukurasa wake yeye, akamwandikia Santo kwa vidole viwili. Aliandika kwa muda mrefu. Hakuwaonyesha alichoandika, lakini Nabilah aliona neno kabichi likitokea mara tatu.

Siku mbili zilipita, na Nabilah hakula vizuri hata siku moja. Siku ya tatu umeme ulikuwepo, karakana ilikuwa inapiga kelele, na simu yake ikatetemeka mfukoni. Namba ilianza kama namba za Uganda, kwa hiyo alidhani ni mteja wa mlango. Alikimbilia nyuma ya ukuta ili asikie.

Alikuwa Santo; wakati ule baadhi ya simu za Juba zilitumia namba za Uganda. Sauti yake ilikuwa nzito na ya haraka, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Nabilah alielewa baadaye kwamba alisomea Khartoum kwa Kiarabu, na ukurasa wake aliandikiwa na mpwa wake. Alitaka kuuliza kitu kuhusu vitanda. Alianza, akakwama, akaanza upya. Upana? Si upana. Urefu? Wala. Nabilah alijaribu Kiswahili, lakini Santo hakukijua. Dakika zilikuwa zinakwisha. Kisha mtu yule akageuza mdomo pembeni ya simu, akajisemea kwa uchovu, "De shunu..."

Nabilah aliganda. Bibi yake, ambaye alilala naye chumba kimoja mpaka alipofika darasa la saba, alisema maneno hayo hayo kila alipokosa kitu chake: de sunu, hii nini tena. Kinubi cha nyumbani, kile Kiarabu kilichogeuzwa cha wale askari wa Sudani. Ile lugha ambayo shuleni walimcheka nayo, na ambayo hakuwahi kufikiri kwamba iko mahali pengine duniani zaidi ya Bombo, Kibuli na jikoni kwao.

Alivuta pumzi. "Ana gi asma kelem taki," alisema. Nasikia unachosema.

Kisha Santo alianza kuongea, na maneno yalitoka kama maji yaliyofunguliwa. Si yote aliyaelewa. Mengine yalikuwa na sauti ngeni, mengine yamekaa mahali pasipo pao, lakini lugha ilikuwa ile ile, kama ndugu wawili waliolelewa nyumba tofauti. Alikuwa anauliza nafasi kati ya kitanda cha chini na cha juu. Wasichana wengine ni warefu, alisema, wakikaa wasigonge vichwa. Hicho tu ndicho alichokuwa akihangaika nacho muda wote.

"Tutapandisha," alimjibu kwa Kinubi. "Niambie msichana mrefu kuliko wote ana urefu gani."

Santo alicheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Akamuuliza yeye ni mtu wa wapi, na babu zake walitoka wapi. Nabilah alirudi ndani mbio, akazima mashine kwa mkono mmoja, akampa baba yake simu.

"Nani?"

"Ongea tu, Baba. Kwa Kinubi."

Mzee Siraje aliweka simu sikioni kwa wasiwasi, akatoa salamu. Kisha uso wake ukabadilika. Aliketi juu ya rundo la mabomba, akaongea, akasikiliza, akaongea tena. Alitaja majina ya wazee waliokufa zamani, na Santo akamtajia vijiji vilivyoko kando ya Nile. Vijana wawili walisimama na misumeno yao mkononi. Ilipita robo saa ndipo alipomrudishia Nabilah simu, na macho yake yalikuwa yameloa.

"Anataka vyote sitini," alisema. "Na anasema matamshi yetu ni ya kizee, kama ya bibi yake."

Wiki zilizofuata zilipita kama siku mbili. Umeme ulipokuja, Nabilah alianza alfajiri na hakuvua kinga ya macho mpaka ulipokatika. Siku ambazo haukuwepo walikata mabomba kwa msumeno wa mkono, wakasugua, wakapaka rangi. Mzee Siraje alipima kila kipande mara mbili na kukiandika namba kwa chaki. Hakuuliza tena habari za watu arobaini. Jioni moja Nabilah alimkuta anamweleza muuza ndizi, kwa utulivu wa mtu aliyekijua kitu hicho siku zote, kwamba siku hizi mteja anaweza kukaa Juba na kati yenu akawepo mtu mmoja tu.

Siku ya kupakia, lori la Nasif, mjomba wake Nabilah, lilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na wachukuzi walewale wa kabichi wakaja bila kuitwa. Vitanda vilikuwa vimefunguliwa vipande vipande, vimefungwa kwa kamba kumi kumi. Acan alifika kutoka Kyambogo na kamera ya kafe, akapiga picha mpaka betri ikaisha. Lazima mtu aende kuviunganisha huko, na hakukuwa na ubishi ni nani. Mazungumzo ya amani kati ya serikali ya Uganda na waasi wa kaskazini yalikuwa yanaendelea na barabara ilikuwa imefunguka. Nabilah alipanda mbele na mashine ndogo ya kuchomelea kati ya miguu yake. Baba yake alishika mlango wa lori muda mrefu.

"Mwambie Santo nitakuja kumwona," alisema. "Nikipata nafasi."

"Nitamwambia, Baba."

Walifika Juba siku ya nne, wakiwa wekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu. Nabilah alikuwa amemchora Santo kichwani mwake kama mtu mnene mwenye ndevu. Aliyemkuta langoni mwa shule alikuwa mwembamba, mrefu mno, amevaa ndala, na alimsalimu kwa mikono yote miwili kana kwamba amerudi na si kwamba amekuja. Hakukagua chochote siku hiyo. Aliwapa maji ya kuoga, wali na samaki, akaongea Kinubi chake cha Juba kwa kasi hata Nabilah akalazimika kumwomba mara kwa mara arudie.

Waliunganisha vitanda kwa siku tatu. Asubuhi ya kufungua bweni wasichana walipangwa mstari nje na mama mmoja mlezi aliyewaamuru waingie kwa adabu. Waliingia kwa adabu hatua tatu. Baada ya hapo kila mmoja alikimbilia kitanda cha juu, viatu vikiruka, mabegi yakitupwa, na chuma kile chote kikanguruma chini ya miguu yao. Nabilah, aliyesimama ukutani, alijikuta ameshika pumzi. Alikuwa anasikiliza viungo. Vyote vilikaa.

Msichana mmoja mwenye miguu mirefu kuliko wote aliketi juu ya kitanda cha chini, akanyoosha mgongo, akapapasa nafasi iliyokuwa juu ya kichwa chake. Ilikuwepo, na ya kuzidi kidogo.

Santo aliingia na simu sikioni, akipita katikati ya makelele yale. Alikuwa anaongea na mwenzake wa Yei, mjenzi wa zahanati aliyehitaji milango.

"Ngoja," alimwambia mtu wa simu kwa lugha ile ile, akamtazama Nabilah. "Fundi mwenyewe yuko hapa. Nimemwona kwa macho yangu. Nikupe?"

Nabilah alikausha mikono kwenye suruali, akaipokea simu.